Mtunza Fahali wa Malkia

Siku ya pili ya Mwezi wa Kula Swala. Siku ya mgao wa bia.

Nimepata! Nimepata cheo! Mimi Shubur, mgandisha ndevu wa karakana ya ikulu hapa Uru, kuanzia leo ni Mtunza Fahali wa Malkia. Naandika upesi. Udongo ninaoandikia unakauka, na Ninbara mke wangu anautaka huu huu kuzibia tanuri lake.

Kinubi kipya cha Malkia kimekamilika. Mbele kina kichwa cha fahali: mti ndani, dhahabu juu, macho ya kombe, ndevu za jiwe la buluu. Kichwa kakifua fundi mwenzangu Lugalezen. Ndevu nimezigandisha mimi, kwa lami. Kila anayeingia karakana anasifu kichwa. Lugalezen hivi, Lugalezen vile. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, ndevu zile! Fahali bila ndevu si ng'ombe tu wa kukamuliwa?

Leo Mzee Abzukidu, msimamizi wa nyumba ya Malkia, kaja kutafuta mtu wa kukitunza kinubi. Kukifuta vumbi, kukipaka mafuta, kukibeba siku za sherehe. Wote tulijua kazi ni ya Lugalezen. Mwenyewe alishaenda mfereji kuoga, kanyoa kipara, kakaa mlangoni anajitia hana habari. Nikamvuta Mzee pembeni. Nikamwambia Lugalezen ni fundi hodari, hilo halina ubishi, tatizo lake mikono tu. Inatoka jasho. Na jasho linakula dhahabu. Uongo mtupu! Mzee akaenda kumshika mikono. Ilikuwa bado imelowa maji ya mfereji.

Basi kazi nikapewa mimi. Bia mara tatu ya mwanzo. Mafuta ya ufuta. Nyama ya kondoo kila mwezi ukiandama. Na vazi jipya la manyoya lenye pindo jekundu!

Ninbara hakupiga kigelegele. Aliniuliza, "Baba Geme, wewe una akili kweli? Malkia akifa watu wa nyumba yake wanashuka naye kaburini." Nikamwambia najua, nani asiyejua katika mji huu. Lakini nimepiga hesabu. Malkia bado kijana. Mashavu yake yamejaa kama mikate. Juzi nilimwona kwa macho yangu akimaliza bata bukini mzima na kulamba vidole. Mtu wa namna hiyo atatuzika sisi sote na wajukuu wetu. Ninbara akaguna. Akauliza udongo wake uko wapi.


Siku ya tano. Siku ya kupaka mafuta.

Haya ndiyo maisha. Asubuhi nimepaka fahali mafuta. Nimekula tende za Malkia. Nimesinzia kivulini. Nimeamka, nimempaka tena.

Lugalezen kapita uani. Hakuniangalia mimi, kamwangalia fahali wake. Akasema sikio la kushoto lina vumbi, halafu akaenda zake. Wivu unamtafuna huyu! Nikalipangusa sikio baadaye, alipokwisha kupotea.

Jambo moja dogo. Malkia amekohoa. Nadhani ni vumbi la sikio.


Siku ya saba. Siku ya samaki.

Si vumbi. Amekohoa kutwa nzima. Bata kaletwa, kapelekwa jikoni kama alivyoletwa. Hakumegwa hata paja.

Nimewauliza wajakazi, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, kama huwa anakohoa msimu huu. Wamesema hapana. Mmoja akaongeza kwamba anatema kitu kama lami. Sikumwomba aongeze!

Nimerudi nyumbani. Ninbara alishasikia, mtaa mzima umesikia. Amesema tuondoke, twende kwa kaka yake mjini Lagashi, ana shamba la vitunguu, hatutalala njaa. Nikamwambia asubiri kidogo, mpaka mwezi mpya uandame, nyama ya kondoo bado sijapewa. Halafu akaenda kumsuka Geme nywele.


Siku ya nane. Hakuna mgao wa kitu leo.

Nimekubali kuondoka. Nimejifunga mkanda, nimembeba Geme begani, Ninbara kabeba mtungi, tumefika lango la mji. Askari akanitambua kwa vazi langu. Pindo jekundu! Akasema kwa adabu kabisa kwamba Malkia akiwa kitandani, watu wa nyumba yake hawatoki mjini. Amri ya siku zote. Akaniuliza, mzee, hukuambiwa?

Niliambiwa. Nilidhani haihusu watunza vinubi.

Geme aliuliza kama shamba la vitunguu limeahirishwa. Mtoto yule ana miaka mitano, nikamwambia ndiyo. Naogopa. Naandika hivi hivi: naogopa. Nimewahi kuliona shimo la namna ile likifukiwa, nikiwa kijana. Tulisimama juu tukisikiliza. Sitaki kulikumbuka.


Siku ya tisa. Siku ya kupaka mafuta.

Mpango! Nimrudishie Lugalezen kazi yake.

Nimeenda karakana na tende kwenye kikapu. Nikamwambia moyo wangu hauna amani. Kichwa kakifua yeye, haki ni yake, mimi ni nani. Hakuacha kugonga nyundo. Aliuliza, "Kwani mikono yangu imeacha kutoka jasho?" Karakana nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nao, kichekesho chenyewe ni mimi. Akasema alilia machozi siku ile, nijue nalo hilo, maana alitaka kukaa na fahali wake maisha yake yote na hata baada ya maisha. "Umemng'ang'ania wewe, bwana Shubur. Haya, mbebe." Tende kazipokea.

Nikakimbilia kwa Mzee Abzukidu. Nikamwambia nimemchunguza Lugalezen upya, mikono imekauka, mikavu kama kuni za mkwaju wa nyika, mji mzima hakuna mikono kama ile. Mzee akanishika bega. Akasema atalikumbuka neno langu. Lakini kwanza, akasema, ameona leo kitu adimu: mtu anayemsifu mwenzake bila kuombwa. Mtu mnyenyekevu hivyo hafai kukaa uani. Amenihamishia kwenye mlango wa chumba cha Malkia, niwe karibu naye zaidi.

Karibu zaidi! Sasa kila kikohozi nakihesabu.


Siku ya kumi na moja. Siku ya sadaka kwa Nanna.

Mpango mpya. Ikiwa siwezi kumkimbia, basi nimponye.

Nimempikia mwenyewe mchuzi wa samaki kwa kitunguu saumu na bizari. Nimemwomba mjakazi ampe kijiko kimoja kimoja. Malkia akanywa! Bakuli zima! Nikatoka uani nikapiga magoti mbele ya watu wote, nikamlilia Nanna mungu wetu wa mwezi, ampe Malkia uhai, miaka, meno imara. Nililia kweli. Kamasi zilitoka. Sijawahi kuomba kwa moyo namna ile, hata Geme alipokuwa na surua.

Kumbe Mzee Abzukidu alikuwa nyuma yangu. Naye analia. Akaniinua. Akasema miaka yote ya kazi hajaona mtumishi mwenye mapenzi haya. Akaingia ndani kumwambia Malkia. Akatoka na jibu: Malkia ameguswa sana. Amesema siku yake ikifika, mtu huyo asiwekwe nyuma pamoja na wachunga punda. Atembee mbele, ubavuni kwa fahali.

Nilimshukuru. Ningesema nini?


Siku ya kumi na mbili.

Malkia hajanywa mchuzi. Amegeuza uso ukutani.

Mtazama maini, mpiga ramli wa ikulu, kaitwa. Kondoo kachinjwa uani, ini likawekwa kwenye sinia. Mtazamaji akaligeuza huku na huku, akalibonyeza, akanusa. Nikasogea. Nikamwuliza kwa kunong'ona, mzee wangu, kunaonekanaje? Akaniuliza kama vazi langu jipya nimeshalifua.

Na nyuma ya ukuta wa hekalu wanachimba. Nimewaona nilipoenda kuchota maji. Ninbara anasema labda ni mfereji, watu wa mashamba wamelalamika kiangazi chote. Anasema hivyo huku haniangalii. Mfereji gani unachimbwa na mteremko wa kushukia watu?

Sijala. Nikimwangalia fahali, macho yake ya kombe yananifuata. Yeye haogopi. Kwa nini aogope, ana mti ndani.


Siku ya kumi na tatu. Mchana, kila mtu kajilaza.

Nimefikiri. Nimefikiri vizuri kabisa. Fahali bila ndevu hafai kwenda popote. Nani atamzika Malkia na ng'ombe wa kukamuliwa? Ndevu zikibanduka, kinubi kinabaki juu. Kinubi kikibaki, mtunza wake ana kazi gani chini? Anabaki kutunza! Ni rahisi hivyo. Nilishangaa sikuliwaza mapema.

Lami hulainika kwa moto. Nani ajuaye hilo kuliko mimi? Nikachukua makaa kwenye kigae kutoka jikoni, nikaingia chumba cha kinubi, nikajifungia. Nikayaweka makaa chini ya kidevu cha fahali. Nikasogeza uso nione kama lami imeanza kuchuruzika. Ikaanza. Tone moja likaangukia kwenye makaa.

Lami nzuri ile, ya kwangu mwenyewe, niliichanganya na mafuta ili ishike vizuri.

Ililipuka! Moto ukanijia usoni, puu! Nikapiga kelele nikiwa nimejiziba mdomo. Nyusi zote zimekwenda. Ndevu zangu za upande wa kulia zimekwenda. Kope pia. Ngozi ya shavu imefura na ina mabaka meusi ya lami yasiyotoka hata kwa mafuta. Fahali je? Mzima! Ndevu zake zimesogea kushoto upana wa ukucha, basi. Nikazibonyeza kwa haraka zishike tena kabla hajaingia mtu.

Nimejaribu kuiba ndevu za fahali, nimepoteza zangu. Ninbara kanipaka asali usoni. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, sikujua nimfariji au nimgombeze.


Siku ya kumi na nne. Mwezi mpevu.

Malkia amekufa. Kelele za wanawake zilianza ikulu, zikaja mtaa kwa mtaa hadi mlangoni kwetu. Nilikuwa nakunywa uji. Bakuli liliniponyoka.


Siku ya kumi na sita. Siku ya kushuka.

Niko hai. Mkono unaoandika ni wangu na ninauona.

Walikuja kunichukua asubuhi. Ninbara alining'ang'ania vazi mpaka mshono wa bega ukatoka. Geme alifichwa kwa jirani. Niliwaambia walinzi nisubirini nijisaidie, nikaruka ukuta wa nyuma, nikamwangukia mlinzi mwingine. Alinipangusa vumbi. Akasema hata mjomba wake alijaribu ukuta.

Tukapangwa juu ya mteremko. Wajakazi wa Malkia wamevaa majani ya dhahabu kichwani, na kila mmoja ana kikombe kidogo cha sumu mkononi. Mmoja alikuwa anatafuta utepe wake wa nywele, anauliza wenzake kama wameuona, kana kwamba wanaenda harusini. Askari. Wachunga punda na punda wao. Mpiga kinubi, binti wa vidole virefu, alikuwa anakaza nyuzi. Mimi nikasimama mbele, ubavuni kwa fahali, kama alivyotaka marehemu. Nilijaribu kuomba, sikukumbuka jina la mungu hata mmoja.

Mzee Abzukidu akapita kukagua mstari. Kavaa vizuri, kapaka mafuta kichwa. Akanyoosha utepe wa huyu, akafuta kikombe cha yule. Akafika kwangu.

Akaruka nyuma. Akauliza hiki ni nini. Nikamwambia ni mimi, Mzee, Shubur. Akauliza uso wako uko wapi. Nikajibu kwamba ni huzuni, nilijichoma kwa huzuni. Akanizunguka. Alinishika kidevu akakigeuza upande wenye ndevu, akakigeuza upande usio na ndevu. Akasema kwa hasira ambayo sikuitegemea kwa mtu anayeelekea shimoni, "Nikipeleke kiroja hiki mbele ya miungu? Watatuuliza Malkia alikuwa anakula na nani!" Mwenye dosari ya mwili hashuki. Ndiyo sheria. Sikuwahi kuijua, naapa kwa Nanna, sikuijua!

Wakanivua vazi. Nikabaki na kitambaa cha ndani mbele ya mji mzima. Nilikuwa nalia. Watu wakadhani ni uchungu wa kuachwa.

Halafu Mzee akasema maneno ambayo sitaki kuyaandika, lakini nayaandika. Akasema, yule fundi mwenye mikono mikavu, aliyesifiwa sana na Shubur. Mleteni.

Lugalezen alikuja kutoka karakana moja kwa moja, vumbi la dhahabu bado limemganda mikononi. Hakukimbia. Akavaa vazi langu, akalibana pale bega lilipochanika. Mdomo wake ulikuwa mweupe. Mama yake alikuwa anapiga mayowe ng'ambo ya walinzi, naye hakugeuka, nadhani angegeuka asingeweza kushuka. Akamshika fahali masikio, akampangusa. Akaniuliza mimi, polepole, "Ndevu zimekaa sawa?"

Zilikuwa zimeenda kushoto. Nikamwambia zimekaa sawa.

Wakashuka. Punda walikataa, wakavutwa. Mzee Abzukidu alishuka wa mwisho, ameshika pindo la vazi lisiguse vumbi. Kinubi kikaanza kupigwa kule chini. Ulikuwa wimbo wa karamu, ule wanaoupiga nyama ikiletwa. Sauti za wanawake zikaitikia, nyingi, halafu chache. Kikombe kilianguka mahali. Mtu akakohoa. Mwishoni ukabaki uzi mmoja tu, unagongwa, unanyamaza, unagongwa.

Sote tulingoja ugongwe tena. Mama yake Lugalezen alikuwa ameziba masikio.

Niliogopa nikiwa kwenye mstari. Lakini pale juu, salama, nikiwa nimesimama na kitambaa cha ndani, niliogopa zaidi. Si mimi niliyemchagua. Nilisema tu kwamba mikono yake ni mikavu.

Wakaanza kumwaga udongo.


Siku ya ishirini na tano. Siku ya mgao wa bia.

Nimeanza kula. Shavu linapona.

Lakini jamani, kuna haki katika mji huu? Kila nikipita naambiwa Lugalezen. Mama yake anapelekewa kondoo na bia kutoka ikulu, na watu wazima wanasimama akipita. Karakana wameacha nafasi yake wazi na wanaiwekea maua. Fahali sasa anaitwa Fahali wa Lugalezen! Na ndevu? Ndevu alizigandisha nani? Na vazi alilovaa ni la nani? Mimi nikipita, wanawake wanafunika midomo kwa vitambaa, mabega yanatikisika. Mzee mmoja kaniuliza kama miungu ilinirudisha kwa ubovu.

Jana nilipata habari. Mfalme anatengenezewa mabeberu wawili wa dhahabu, wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameegemea kichaka chenye maua. Manyoya yao ni kombe na jiwe la buluu, kipande kwa kipande. Na kombe linagandishwa kwa nini? Kwa lami! Wanatafuta mtunza. Mgao wake mkubwa kuliko ule wa kwanza. Na vazi lenye mapindo mawili.

Ninbara alinikumbusha kwamba Mfalme ni mzee, anatembea kwa kushikwa. Nikamwelewesha. Kosa la mwanzo lilikuwa kumwamini kijana. Vijana wanakufa ovyo, tumeona wenyewe. Mtu aliyefika umri ule wa Mfalme alishakataa magonjwa yote, kifo kimemzoea, hakimfuati tena. Nimepiga hesabu.

Leo asubuhi nikachora nyusi kwa masizi, nikajazia ndevu za kulia kwa nywele za mbuzi na lami kidogo. Kazi safi, kwa kweli, kazi ya fundi. Nikaenda kwa msimamizi wa nyumba ya Mfalme. Akanitazama uso kwa makini, akanizungusha kwenye jua, akasema mwili hauna dosari.

Nimepata!

Ninbara nimemweleza. Amekaa kizingitini, amempakata Geme, anatazama njia. Furaha ikizidi huwa hivyo.